UZI: Ile 2090 ya ku kopo ya maziwa si kalori. Tusome etiketi, kisha tuhesabu mutu wa kwetu anahitaji ngapi kwa siku

Mwalimu_wa_Himbi (mwanzilishi)

Jambo yenu wote. Kuna foto inazunguka mu magrupu ya hapa Goma, kopo ya maziwa ya unga, mutu amezungushia mustari mwekundu pale pameandikwa 2090, kisha chini ameandika "bamama muone, gramu 100 tu inamaliza kalori ya siku nzima, muache kupatia batoto". Na foto inaenda, batu banaituma bila kuuliza. Mimi nafundisha fizike na hii jambo inaniumiza kabisa, kwani mu hii muji yetu mutoto mwenye kukosa chakula njo shida kubwa kuliko mwenye kuzidisha, hauwezi kuogopesha mama na namba yenye haujasoma hata herufi mbili za pembeni yake.

Pembeni ya 2090 kumeandikwa kJ. Hiyo ni kilojuli. Endelea ku mustari uleule utaona namba ingine, 500, pembeni yake kcal, hiyo njo kilokalori, ile siye wote tunaitaka "kalori" tu. Nguvu ni ileile moja, vile bei ya sabuni unaweza kuambiwa kwa franka ao kwa dola na sabuni haibadilike. Kilokalori 1 ni kilojuli 4.18. Gawanya 2090 na 4.18 unapata 500. Kama hauna kalkulatrisi gawanya na 4 kisha punguza kidogo, kwa kazi ya nyumbani inaenea.

Bitu bya kutoka Ulaya binakuwaka na zote mbili juu sheria yao inalazimisha, na kJ njo inatangulia. Bya Marekani utaona kalori peke yake. Njo maana mutu mwenye kuzoea biskuti ya Marekani, siku ananunua maziwa ya Ubelgiji anashituka.

Sasa kilokalori yenyewe ni nini? Ni moto yenye kuenea kupandisha litri moja ya maji kwa digri moja. Basi. Chota litri moja ya maji ya ziwa, tuseme iko na digri 23. Hapa tuko juu, karibu metre 1500, maji yanachemka mbele ya kufika 100, inakuwa kama 95. Toka 23 mpaka 95 ni digri 72, kwa hiyo unahitaji kilokalori 72. Ndizi moja ya kuiva iko na kama 90 ao 100. Maana yake nguvu ya ndizi moja inaweza kuchemsha litri ya maji ya chai na kubakisha, kama ungeweza kuichoma yote bila kupoteza kitu. Mimi kila nikieleza hii ku darasa naona batoto bananyamaza, kwani wanaiangalia ndizi na macho mapya.

Na kupima haikuanza jana. Baridi ya 1782 kuingia 1783 kule Paris, Lavoisier na Laplace baliweka kobayi, nyama ndogo kama panya, zilezile batu ba Walungu banafugaka mu jikoni, ndani ya chombo yenye kuzungukwa na barafu, bakapima barafu ngapi imeyeyuka juu ya moto ya mwili yake, wakaona kupumua na kuungua ni jambo moja, moja ya polepole moja ya haraka. Karibu miaka mia moja kisha, Mumarekani Wilbur Atwater alijenga chumba ya kufungwa, mutu anaingia mule anakaa masiku, anakula, analala, anafanya mazoezi, na moto yote yenye kutoka ku mwili yake inapimwa. Kutoka kwa kazi yake njo tuko na zile namba za ku etiketi mpaka leo: gramu 1 ya proteini ni kilokalori 4, gramu 1 ya wanga ao sukari ni 4, gramu 1 ya mafuta ni 9. Pombe ni 7.

Tujaribu na ileile kopo. Mu gramu 100 kumeandikwa proteini 26, sukari ya maziwa 38, mafuta 27. Basi 26 mara 4 ni 104, 38 mara 4 ni 152, 27 mara 9 ni 243. Jumlisha: 499. Hakuna sumu pale, ni hesabu ya shule ya msingi. Na gramu 100 ya unga ya maziwa hakuna mutoto anaikunywa kwa kikombe kimoja, inatoa karibu robo tatu ya litri ya maziwa.

Mulizeni, nitajibu, na kama munganga wa lishe iko humu anisaidie pale fizike inaisha.

Chukudu_Kibumba

Mwalimu aksanti. Miye niko mu kazi ya chukudu, ile trotineti ya mbao ya kubeba mizigo, nashukaka na kabichi na makala toka Kibumba. Nasikiaka batu ku redio banasema mwanaume 2500 kwa siku inaenea. Miye nikikula hiyo 2500, saa kumi magulu inakuwa inatetemeka nikiwa bado mu barabara. Ni mwili yangu njo iko na shida ao hesabu yao?

Munganga_Lishe

Mudogo wangu Chukudu, mwili yako haina shida. Niko munganga wa lishe, acha nichukue hii.

2500 na 2000 ni namba za kuandika ku etiketi na ku vitabu juu ya mutu wa kawaida wa Ulaya, mwenye kukaa ku meza na kupanda gari. Ku etiketi za Ulaya utaona 8400 kJ / 2000 kcal kama mufano wa mutu mukubwa. Si sheria ya mwili wako.

Mwili inatumia nguvu hata ukilala tu bila kugusa kitu: moyo inapiga, mapafu, ubongo, maini, kulinda moto ya mwili. Kuna njia ya kuikadiria yenye ilitoka 1990, tunaitaka Mifflin-St Jeor kwa jina la wenye waliitengeneza. Kwa mwanaume: chukua kilo zako mara 10, ongeza urefu wako kwa sentimita mara 6.25, toa miaka yako mara 5, ongeza 5. Kwa mwanamuke ni vilevile lakini mwisho badala ya kuongeza 5 unatoa 161. Niambie kilo, urefu na miaka yako.

Chukudu_Kibumba

Kilo 65, metre 1 na 70, miaka 28.

Munganga_Lishe

650, ongeza 1062, toa 140, ongeza 5. Inatoka 1577. Hiyo ni ya kulala tu siku nzima.

Kisha unazidisha kufuatana na kazi. Ripoti ya 2004 ya FAO (shirika la chakula), OMS (shirika la afya) na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa inasema mutu wa kukaa anazidisha na 1.4 mpaka 1.7 hivi, mutu wa kutembea na kufanya kazi ya kadiri 1.7 mpaka 2, mutu wa kazi nguvu 2 mpaka 2.4. Weye kusukuma chukudu yenye mizigo mu majiwe ya volkano, kisha kuipandisha tena nyuma, sitakuweka chini ya 2.2. 1577 mara 2.2 ni karibu 3470.

Kwa hiyo ukikula 2500 unakosa karibu 1000 kila siku. Mwili itachukua fasi ingine: kwanza sukari yenye imewekwa mu maini na mu nyama ya mwili, kisha mafuta na nyama yenyewe. Ile sukari ikiisha, njo ile kutetemeka kwa magulu unasikia saa kumi.

3470 ni chakula gani? Gramu 500 ya unga ya bugali kwa siku nzima ni kama 1750. Maharagi makavu gramu 200 mbele ya kupika ni kama 680. Vijiko vinne vikubwa vya mawese ni karibu 480. Ndizi mbili 200. Nusu ya avoka kubwa 160. Tunafika 3270, weka chai na sukari na karanga kidogo barabarani, umefika. Ona vile maharagi na mafuta vinabeba, na avoka mu musimu yake ni rahisi. Usitegemee bugali peke yake, tumbo itajaa mbele nguvu haijaenea. Na kunywa maji.

Chukudu_Kibumba

Ah njo vile. Miye mafuta naonaka ni ya batajiri, naikula ku feti tu. Aksanti sana munganga, na Mungu akubariki.

Papa_wa_Buro

Niulize kitu mbele tuendelee. Niliona mu intaneti bugali gramu 100 ni kalori 350, fasi ingine naona gramu 100 ni 120. Nani anadanganya?

Mwalimu_wa_Himbi

Papa, hakuna anayedanganya. 350 ni unga mukavu, 120 ni bugali yenye imeiva. Weka unga kilo 1 mu maji litri 2, pika, utatoa bugali ya karibu kilo 3. Nguvu yote ni ya unga, maji haina hata kalori moja. Basi 3500 inagawanyika mu kilo 3, inakuwa 117 kwa gramu 100. Ileile ku maharagi: makavu ni kama 340, yenye kuiva ni kama 130. Ileile ku muchele.

Hii njo fasi batu bengi banapoteza hesabu na aplikasio za telefone. Unapima bugali yenye kuiva gramu 400 ku balansi, kisha unachagua "unga ya mahindi" mu aplikasio, inakuambia umekula 1400 na umekula 480. Kesho unapunguza sahani na unashangaa njaa inatoka wapi. Pima unga mbele ya kupika, ni rahisi zaidi: mu nyumba mwapikwa kilo ngapi, mwakula batu ngapi.

Kadutu_Juu

Salamu toka Bukavu! Mwalimu siye huku hatuna chukudu lakini tuko na milima. Dada yangu mudogo anateka maji chini kabisa, anapanda ngazi na bidon ya litri 20 ku kichwa mpaka kwetu huku juu Kadutu, asubui na magaribi. Na batu banamuambia eti iko munene apunguze kula. Unaweza kuhesabu ile kupanda?

Mwalimu_wa_Himbi

Swali muzuri sana, na hii ni fizike safi. Niambie iko na kilo ngapi na munapanda metre ngapi kwenda juu, si urefu wa njia, kwenda juu.

Kadutu_Juu

Kilo 60. Kupanda ni kama metre 100 hivi, pengine inapita.

Mwalimu_wa_Himbi

Tuweke 100. Anabeba mwili yake 60 na maji 20, jumla kilo 80. Kuinua kilo 80 metre 100 ni 80 mara 9.8 mara 100, inakuwa juli 78400, ni kilojuli 78. Gawanya na 4.18, ni kilokalori karibu 19.

Utasema ni kidogo. Ngoja. Nyama ya mwili haigeuze chakula yote kuwa kazi. Kwa 100 yenye inatumia, karibu 25 tu njo inainua muzigo, ile ingine inatoka kama moto, njo maana anafika juu akitoka jasho na nguo imelowa hata kama kuko baridi. Kwa hiyo 19 inazidishwa mara 4: karibu kilokalori 75 kwa kupanda mara moja, na sijahesabu kutembea pale njia imelala, wala kushuka, wala kukamata bidon isianguke. Akienda asubui na magaribi, kupanda peke yake ni 150. Ni bugali ya gramu zaidi ya 100 yenye imeiva, imeisha ku ngazi.

Sasa fikiri kama ni safari mingi, kisha soko, kisha kufua. Mutu anayemuambia apunguze kula kwanza ateke naye.

Mama_Sokoni

Mwalimu umesema mambo ya kweli. Nasoma hapa na watoto wangu wananisomea pale macho inachoka.

Niko nanyonyesha, mutoto iko na miezi mine. Niko na miaka 32, kilo 62, metre 1 na 60. Nauzisha mu soko ya Virunga, nabeba mafuko toka depo asubui. Binti wa dada yangu aliniwekea aplikasio mu telefone juu nilisema tumbo haijarudi, ikaniambia nikule 1200. Nimeanza lakini maziwa naona inapunguka na kichwa inazunguka. Munganga unasema nini?

Munganga_Lishe

Mama, heshima sana. Uiache leo hii, usingoje kesho.

Hesabu yako: 620, ongeza 1000, toa 160, toa 161. Inatoka 1299. Hiyo njo mwili yako inatumia ukilala kitandani bila hata kuinua mukono. Aplikasio imekuambia ukule chini ya hapo. Haikujua unanyonyesha, haikujua mafuko, binti aliijaza pengine "mutu wa kukaa, anataka kukonda haraka".

Kazi yako nitazidisha na 1.8: 2338. Kisha kunyonyesha. Mama mwenye kunyonyesha miezi sita ya kwanza bila kumupatia mutoto kitu ingine anahitaji karibu 500 zaidi kila siku. Tunafika 2800 na kidogo. Ulikuwa unakula hata nusu haifike.

Kichwa kuzunguka ni hiyo. Na maji: mama mwenye kunyonyesha anasikia kiu kila saa, kunywa. Ongeza sahani ingine ya katikati, saa ine ya asubui pale soko inapoa: maharagi, ao buyi nzito na karanga, ao biazi bitamu na avoka. Sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, pia ni muzuri sana, ya kukausha ao ya kukaanga, ukila na mifupa yake unapata kalsiamu. Tumbo itarudi polepole, kunyonyesha yenyewe inasaidia. Kama kichwa inaendelea nyuma ya siku tatu ine za kula vizuri, pita ku santre ya afya bapime damu, pengine kuko upungufu wa damu pia.

Mama_Sokoni

Aksanti munganga. Nimemuambia binti aitoe.

Sista_Ibanda

Na mutoto wa miezi tisa? Yangu ananyonya na namupatia buyi kikombe kizima mara tatu lakini kilo haipande. Ku kilinike banasema "mongezee chakula" basi, hawaelezi.

Munganga_Lishe

Dada, hapa nitakaa kidogo juu hii njo kazi yangu ya kila siku na inaniuma.

Mutoto wa miezi tisa mpaka kumi na moja mwenye kunyonya vizuri anahitaji karibu 300 toka ku chakula, zaidi ya maziwa ya mama. Miezi sita mpaka minane ni 200. Mwaka mumoja mpaka miwili ni 550. Haionekane mingi. Shida ni tumbo: tumbo ya mutoto inabeba karibu gramu 30 kwa kila kilo yake. Mutoto wa kilo 8 ni kama gramu 240, hiyo kikombe kimoja, akipita hapo anatapika ao anakataa.

Kwa hiyo swali si vikombe ngapi, swali ni nini iko ndani ya kikombe. Buyi ya maji yenye batu bengi banapika, ile inayotiririka toka ku kijiko, iko na gramu 15 hivi ya unga mu kikombe. Ni kilokalori 50. Mara tatu ni 150, nusu ya yenye anahitaji, na tumbo imejaa, na mama anaona mutoto amekula.

Sasa fanya hivi: unga gramu 30 mu kikombe kilekile, buyi ikae ku kijiko isianguke upesi. Hiyo 105. Weka kijiko kimoja kikubwa cha karanga yenye kusagwa laini kabisa, gramu 10, karibu 60. Weka kijiko kidogo cha mafuta, gramu 5, ni 45. Kikombe kimoja sasa ni 210. Tumbo ileile, kikombe kilekile, nguvu mara ine. Unga ya masoso, yaani mahindi, soja na mtama, ni muzuri kuliko ya muhogo peke yake juu muhogo proteini yake ni kidogo sana. Yai, sambaza yenye kusagwa, avoka ya kuponda, vyote vinaingia.

Kama kilo inaendelea kukataa, ao magulu inavimba, ao mukono wa juu umekonda, usibakie nyumbani, bapime muac, ile kanda ya rangi ya mukono. Mutoto mwenye utapiamlo mukali banamupatia Plumpy'Nut, pake moja ya gramu 92 iko na kilokalori 500, ni dawa ya kupewa bure kwa mutoto mugonjwa, si biskuti ya kununua sokoni na kugawanyia batoto wote.

Sista_Ibanda

Hakuna mutu aliniambia vile. Nilikuwa napika nyepesi nikisema ni ya mutoto. Nimeandika yote ku karatasi. Aksanti munganga, aksanti.

Bulongo_Bwetu

Mimi nasoma na naona muko munajifanya bazungu. Bababu betu balikuwa na balansi? Balikula bugali na sombe na baliishi na nguvu. Kalori kalori ya nini.

Mama_Sokoni

Mwanangu, bababu balihesabu. Balihesabu na mukono. Musimu ya kulima mama mukwe wangu alikuwa anapika bugali ya wenye kwenda shamba mbali na ya wenye kubakia, na maharagi ya shambani ilikuwa inazidi. Mwanamuke mwenye kuzaa alikuwa anapikiwa peke yake miezi. Hakuna mutu alikuwa anaandika namba lakini hakuna mutu alikuwa anamupatia mulimaji sahani ya muzee. Siku hizi tunanunua kwa kopo mu soko, tunakula bitu byenye hatujapika, njo maana batoto banatusomea etiketi.

Mwalimu_wa_Himbi

Mama umemaliza, sina cha kuongeza pale.

Papa_wa_Buro

Niulize ya mwisho, munganga usinicheke. Miaka 45, kilo 88, metre 1 na 72, kazi ya kukaa. Nakula mara mbili tu kwa siku, sahani ya kadiri, lakini tumbo inaongezeka. Magaribi napata chupa mbili za bia na barafiki, zile kubwa za sentilita 72.

Munganga_Lishe

Papa, hakuna kucheka hapa. 880, ongeza 1075, toa 225, ongeza 5: 1735. Mara 1.4 ni karibu 2430. Mutu wa kilo nyingi lakini wa kukaa, anahitaji 1000 chini ya yule mudogo wa chukudu mwenye kilo 65.

Bia ya asilimia 5, chupa ya 72: pombe yenyewe ni gramu 28, mara 7 ni karibu 200. Weka wanga yenye imebakia ndani, chupa moja inafika kama 300. Mbili ni 600, robo ya siku yako nzima, na haishibishe, nyuma yake unakula bugali na nyama ya kuchoma kama kawaida.

Kilo moja ya mafuta ya mwili iko na karibu 7700. Ukitoa zile 600 kila siku bila kuongeza kitu ingine, mwezi moja ni 18000, kilo mbili na kidogo. Mbele itaenda upesi, kisha itapunguza mwendo juu mwili mudogo inatumia kidogo. Kama mbili ni ngumu kuacha mara moja, anza na moja, na rudi nyumbani kwa magulu. Usiingie mu zile dawa za kukondesha za ku soko, wala zile za kunenepesha, kuna zenye kuwa na dawa ya homoni ndani, zinavimbisha mwili na kuharibu, hazina kalori wala lishe. Na tensio upime.

Jirani_wa_Kambi

Munganga, kwa bandugu badeplase, benye kukimbia kwabo, tunasikiaka "2100 kwa mutu". Sasa kama Chukudu anahitaji 3470, kwa nini beye 2100?

Munganga_Lishe

2100 ni wastani ya kupangia umati: batoto, bamama, bazee, bote pamoja, kwa kazi nyepesi, na kati yake karibu asilimia 10 itoke ku proteini na 17 ku mafuta. Ni namba ya kuhesabia ghala na malori. Mutoto wa miaka miwili anahitaji karibu nusu yake, baba mwenye kuenda kutafuta kuni anahitaji zaidi. Ndani ya familia inasawazika kidogo kama iko na batoto bengi. Familia ya banaume batatu na mama mwenye mimba haisawaziki, na mwenye mimba miezi mitatu ya mwisho anahitaji karibu 475 zaidi. Kwa hiyo kama unasaidia jirani, angalia nani iko mu nyumba mbele ya kuangalia batu ngapi.

Kadutu_Juu

Mwalimu, niko na chupa ya mafuta ya alizeti hapa mukononi. Kumeandikwa 3404 kJ / 828 kcal, lakini weye ulisema mafuta gramu 1 ni 9, kwa hiyo 100 ingekuwa 900. Nani amekosea?

Mwalimu_wa_Himbi

Angalia juu ya ile safu, imeandikwa kwa nini? Gramu 100 ao mililita 100?

Kadutu_Juu

Eh. Mililita 100.

Mwalimu_wa_Himbi

Basi. Mafuta ni nyepesi kuliko maji, mililita 100 inapima gramu 92. 92 mara 9 ni 828. Kijiko kikubwa kimoja cha mililita 15 ni 124. Mwekee dada yako mbili mu sombe yake leo magaribi.